Lubumbashi: Kabla ya kutoa ruhusa ya kujenga, tuulize kwanza kuhusu miti

Kila mwaka, tarehe 5 Desemba, inchi yetu inaadhimisha siku ya taifa ya mti. Wakubwa wanatoka ofisini, wanavaa buti, wanashika jembe mbele ya kamera, na mche mmoja unaingia ndani ya shimo ambalo kijana fulani amekwisha kulichimba toka asubuhi. Sina ubishi na sherehe hiyo. Huku Katanga, Desemba ni mwezi mzuri wa kupanda: mvua inanyesha na udongo umelainika. Shida ni kwamba juma lile lile, katika komini ile ile, mashini ya kukata miti inanguruma nyuma ya ukuta wa parseli, mwembe uliozaa kwa miaka arobaini unaanguka, na hakuna hata mtu mmoja mwenye kazi ya kuuliza kwa nini.

Maoni yangu ni haya: Lubumbashi haitapata tena kivuli chake kwa miche ya sherehe. Itakipata siku ambapo karatasi ya ruhusa ya kujenga itakuwa na swali juu ya miti, na anayejibu uongo atalipa.

Katika avenyu yetu, huku Katuba, mzee mmoja jirani alifariki na watoto wake wakauza parseli. Ilikuwa na miembe miwili, mwavoka mmoja, na mpera uliosimama karibu na choo. Tulipokuwa watoto tulikula maembe yake na chumvi, hata kabla hayajaiva. Mnunuzi alileta vijana watatu na mashini. Siku mbili zilitosha. Matawi yalikwenda kwa mama mmoja anayechoma mikate, mashina yakachukuliwa na mtu wa makala. Kisha ukuta ukapanda, nyumba ikajengwa kutoka ukuta huu mpaka ule, na nafasi ndogo iliyobaki ikafunikwa na mapave ya simenti, mekundu na ya kijivu, mazuri kwa kutazama.

Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, maji ambayo zamani yalikuwa yanaingia katika udongo wa mzee yalikosa pa kwenda. Yalipita chini ya ukuta wetu, yakaingia jikoni kwa mama, yakaharibu mfuko mzima wa unga na kulowesha makala tuliyonunua kwa mwezi. Nilikwenda kumwona jirani mpya. Ni mtu wa heshima, alinipa kiti na soda. Akaniambia: « Kaka, parseli ni yangu, miti ilikuwa yangu. Nimevunja sheria gani? » Nilikunywa soda yake, nikarudi nyumbani bila jibu.

Toka siku hiyo nimelitafuta jibu, na ndilo ninalotaka kuwaeleza wasomaji.

Tuanze na namna mji huu ulivyopata miti yake. Lubumbashi ulikatwa ndani ya msitu. Mwaka 1910, wakati Wabelgiji walipopima avenyu za kwanza za Élisabethville chini ya Émile Wangermée, pande zote palikuwa miombo. Mwaka 1911, tanuru za shaba za Union Minière zikaanza kutoa moshi. Katikati ya mji, kule walikokaa Wazungu, utawala ulipanda jakaranda na flamboyant kandokando ya barabara. Hata leo, Septemba na Oktoba, jakaranda zinapomwaga maua ya zambarau juu ya magari, watu wanasimama kupiga picha. Lakini huku kwenye cité, Kamalondo, Kenia, Katuba, Ruashi, miti mingi haikupandwa na utawala. Miembe, miavoka na mipapai ni kazi ya wazazi wetu wenyewe. Mtu alikula embe, akafukia kokwa kando ya mlango, akasahau, na baada ya miaka wajukuu wakawa wanalala chini yake wakati wa joto.

Kwa hiyo miti ya makomini haiko barabarani, iko nyuma ya kuta za watu. Meya anaweza kupanda maua kwenye kila njia panda, anaweza kuchora mistari ya miche kutoka uwanja wa ndege mpaka posta, na mji ukaendelea kubaki uchi, kwa sababu miti yake inakatwa mahali ambapo jicho la mji halifiki. Na wakati huu parseli zinauzwa, zinakatwa mbili, zinakatwa nne. Palipokuwa na nyumba moja na kiwanja cha nyuma, leo kuna vyumba vya kupangisha sita vyenye milango inayotazamana. Siwalaumu wenye kuvijenga. Watu wanaongezeka, wengine wanakimbia vita na njaa majimboni, na kodi ya nyumba ndiyo pensheni ya mzee ambaye kampuni ilimwacha mikono mitupu. Ila nyumba hizo zinajengwa kana kwamba mvua haitanyesha tena na jua halitawaka.

Tunajua sisi sote Oktoba ya Lubumbashi ni kitu gani. Mabati yanalia, watoto wanalala nje, maji ya bomba yanatoka moto, siku yanapotoka. Angalieni basi nani anakaa wapi saa saba ya mchana. Wenye kubadilisha pesa wako chini ya mti. Muuza mayuniti ameegemeza mwavuli wake kwenye shina. Kinyozi ametundika kioo kwenye tawi. Mama wa karanga, mwenye kutengeneza viatu, wanafunzi wanaongojea taxi-bus, wote wanasogea kadiri kivuli kinavyosogea. Mti mmoja wa barabarani ni soko lisilolipa kodi, na siku unapoanguka, hakuna anayehesabu watu wangapi wamefukuzwa kazini.

Kisha mvua. Mji wetu unapata karibu milimeta 1,200 kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya Novemba na Aprili. Majani ya mti mkubwa yanapokea mvua kwanza, yanaiachilia pole pole, na mizizi inafungua udongo ili maji yashuke chini, kule visima vyetu vinakochota. Ondoa mti, weka mapave, elekeza maji ya bati barabarani: kila mvua inakuwa mto. Mifereji ya zamani ilichimbwa kwa mji mdogo wenye viwanja vya udongo. Leo tunaisukumia maji ya mji mkubwa wa simenti, halafu tunalaumu takataka peke yake. Takataka zina kosa lake, lakini si peke yake.

Jambo la tatu ni la Lubumbashi zaidi kuliko mji mwingine wa inchi hii, nalo ni vumbi.

Kwa miaka mingi ya kiangazi, upepo wa kutoka kusini-mashariki ulibeba moshi wa tanuru ya shaba na kuumwaga upande wa kaskazini-magharibi. Miti ya huko ilikufa, majani yakakauka, udongo ukabaki wazi, umejaa shaba, zinki, risasi, kadimiamu na arseniki. Mtu aliyepita Penga Penga wakati wa kiangazi anajua rangi ya ardhi ile. Watu wamejenga juu yake, watoto wanacheza juu yake, na upepo ukivuma unaiinua na kuipeleka mezani kwa watu. Watafiti wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamefanya kazi huko miaka mingi kutafuta mimea inayoweza kuufunga udongo ule. Walijaribu majani yanayovumilia shaba, walijaribu pia miti: wakachimba mashimo, wakatia chokaa na mboji, wakapanda, wakangojea. Miti mingine ilishika.

Nataja Penga Penga kwa sababu inatuonyesha bei. Kukata mti unaosimama kunagharimu mafuta ya mashini na posho ya vijana wawili. Kurudisha mti juu ya udongo uliokufa kunataka chokaa, mboji, maprofesa, na subira ya miaka kumi au kumi na mitano. Mji ambao umekwisha kulipa bei hiyo mara moja ungepaswa kuwa wa kwanza inchini kuandika sheria ya kulinda kila mti mkubwa uliobaki. Badala yake tunazidi kufungua ardhi, parseli kwa parseli, na kila ardhi iliyo wazi ni vumbi la kiangazi kijacho.

Sasa, sheria. Zipo, na si mbaya. Katiba, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na inamtwika wajibu wa kuyatetea. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inataja wazi misitu ya mijini kati ya misitu inayopaswa kuhifadhiwa. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 imeweka misingi ya ulinzi wa mazingira. Kuhusu mipango ya miji, kwa miongo mingi tumeongozwa na dekre ya ukoloni ya tarehe 20 Juni 1957. Maandishi hayo yote yanazungumza kutoka juu. Hayashuki mpaka kwenye mlango wa parseli, pale kijana anapowasha mashini.

Hata hivyo jibu la swali la jirani yangu limo ndani ya sheria nyingine, ya ardhi, ya tarehe 20 Julai 1973. Inasema kwamba udongo wa inchi hii ni mali ya Serikali, na kwamba sisi tunapewa konsesio tu, yaani haki ya kuutumia. Tunasema « parseli yangu » kama tunavyosema « chumba changu » ndani ya nyumba ya kupanga. Ikiwa ni hivyo, basi mwenye udongo anaweza kuweka masharti juu ya matumizi yake, na anaweka tayari: hukubaliwi kujenga katikati ya njia, hukubaliwi kujenga bila ruhusa. Kinachokosekana ni sharti moja zaidi.

Nilimsindikiza ndugu yangu alipokuwa anafuata ruhusa ya kujenga. Aliombwa karatasi za parseli, michoro ya nyumba, malipo, kisha malipo mengine ambayo sikuona risiti yake. Mchoro ulionyesha choo kiko wapi, shimo la maji machafu liko wapi, mlango wa gari uko wapi. Ndani ya parseli hiyo kulikuwa na miti mitatu mikubwa. Haikuwa kwenye mchoro. Kwa ofisi, miti ile haikuwahi kuwako.

Ningependa basi sheria ya mji ianzie hapo, kwenye mchoro. Wanasheria watachagua kama itakuwa arrêté ya gavana au edi ya bunge la jimbo. Mimi natazama yaliyomo. Kila anayeomba kujenga aonyeshe kila mti wenye shina linalopita metre moja kwa kuuzungusha kamba. Kipimo hiki sikukitunga. Singapore, mji ambao wakubwa wetu wanapenda kuutaja kila wanapotuahidi maendeleo, unakitumia katika sheria yake ya mwaka 2005: katika maeneo yaliyotengwa kwa ulinzi wa miti, na katika viwanja vitupu, mti unaopita metre moja kwa kuuzunguka haukatwi bila ruhusa. Uzuri wa kipimo hicho ni kwamba hakihitaji mtaalamu. Mama mwenye kitenge anaweza kupima.

Kama mti unaweza kubaki, mchoro usogezwe. Mara nyingi ni metre mbili tu, na fundi mzuri anajua kufanya hivyo. Kama hauwezi kubaki, mwenye kujenga apande mingine, ndani au mbele ya parseli yake, na aweke pesa ya dhamana itakayorudishwa baada ya kiangazi cha pili, ikiwa miche iko hai. Nasisitiza kiangazi cha pili. Mche wa Desemba unaonekana mzuri mpaka Aprili. Ni kati ya Mei na Septemba, bila tone la mvua, ndipo unapokufa kwa kukosa mtu wa kuumwagilia ndoo moja. Ndiyo sababu miche mingi ya sherehe haifiki mwaka wake wa kwanza.

Tena, sehemu fulani ya kila parseli ibaki udongo, bila simenti. Sitaji hesabu, wenye ujuzi watasema ni moja ya tano au zaidi. Anayetaka mapave pahali pa kuegesha gari ayapange yenye nafasi za kupitisha maji.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba sheria hii itamkandamiza mtu mdogo. Ni kweli inaweza, kama itaandikwa vibaya. Mjane wa Kenia mwenye parseli ndogo na mwembe mmoja asilipishwe dhamana hata franka moja. Yeye apewe mche bure na kibali cha kukata matawi yanayogonga bati lake. Sheria imbane kwanza anayejenga ghorofa, anayejenga duka kubwa, depo, kituo cha mafuta. Na imbane mji wenyewe: barabara inapopanuliwa, miti inayosimama njiani ihesabiwe kabla mashini hazijafika, na pesa ya kupanda mingine iwe ndani ya mkataba wa kampuni inayojenga. Leo barabara inakwisha, utepe unakatwa, na ukiuliza kuhusu miti unaambiwa pesa zimekwisha.

La pili ni hatari. Mti wa zamani unaweza kuangukia nyumba, nimeona mwenyewe, na hakuna anayetaka mtoto afe kwa sababu ya kutunza jani. Mti uliooza ndani ukatwe, tena haraka, na ruhusa yake itolewe siku ile ile. Lakini mara nyingi mti unaoanguka ni ule uliokatwa mizizi upande mmoja wakati wa kuchimba msingi wa ukuta, au uliokatwa matawi ovyo chini ya nyaya za umeme mpaka ukaegemea upande mmoja. Kwanza tunaujeruhi, baadaye tunausema kwamba ni mbaya.

Kuna na wale wanaosema mti mkubwa unaita bundi, nyoka na wezi. Sitawacheka, kwa sababu bibi yangu naye alikuwa hapendi bundi kabisa. Lakini bibi huyo huyo hakukubali mtu aguse mwembe wake, na mwizi wa siku hizi anapita mlangoni.

La tatu ndilo linalonisumbua kwa kweli: kwamba tutaunda mlango mwingine wa matabishi. Afisa atakuja na kamba yake, atapima shina, atasema linapita metre moja, kisha atangojea. Tumekwisha kuona karatasi ngapi zilizoundwa kwa kulinda raia zikageuka mashini ya kumnyonya? Dawa ninayoiona ni mwangaza. Kabla mti mkubwa haujakatwa, tangazo libandikwe kwenye mlango wa parseli na kwenye ofisi ya komini, siku kumi na tano, likitaja sababu na miti itakayopandwa pahali pake. Dhamana ilipwe benki, si mkononi. Majirani wawe na haki ya kuandika barua. Kama tangazo halipo, mtu yeyote wa avenyu anajua kwamba kinachofanyika ni wizi, naye ana pa kupiga simu. Haitamaliza matabishi. Itayapunguza, na itampa jirani kama mimi jibu la kutoa, badala ya kunywa soda na kurudi nyumbani.

Hayo yote ni kwa mji uliokwisha kujengwa. Mahali ambapo bado tunaweza kushinda bila taabu nyingi ni pembezoni, hasa katika komini Annexe, ambako mji unakula msitu kila siku. Kule mambo yanakwenda kwa ufundi ule ule: mtu anapata eneo, anakata miti yote, makala yanauzwa kwanza, kisha parseli zinapimwa juu ya ardhi tupu nyekundu, na miaka mitano baadaye waliozinunua wanatafuta mahali pa kununua mche wa mwavoka. Tunakata miti ambayo ilikuwa tayari mahali tulipoitaka. Kati yake kuna mitondo, kuna misuku inayotupa masuku tunayonunua barabarani wakati wa mvua, kuna mipundu. Hiyo haihitaji kumwagiliwa kiangazi, imezaliwa na kiangazi chetu, na mingi haikubali kwa urahisi kupandwa upya katika bustani za miche.

Kwa hiyo anayegawanya eneo jipya asipewe karatasi ya kuuza parseli hata moja kabla hajaonyesha ukanda wa miti uliobaki kandokando ya kila avenyu, na kiwanja kimoja cha msitu kwa kila mtaa, kilichoandikwa kwa jina la komini, si kwa jina la mtu. Kazi ya kwanza ni kutembelea maeneo ambayo yamekwisha kupimwa lakini bado hayajajengwa. Ningeomba watu wa mipango ya mji waende huko mwezi huu, wakiwa na rangi nyeupe na kamba ya metre moja, kabla wenye makala hawajarudi. Vibao vya mipaka vimesimama tayari, na kati ya kibao na kibao miti ingali iko.